Kamera ndogo za 2007: Canon A570 IS, Sony W55 au Olympus FE-230?

Kijana wa Ilala: Wakuu, kuna jamaa wa mitumba Kariakoo ana kamera tatu mezani: Canon PowerShot A570 IS, Sony Cyber-shot W55 na Olympus FE-230. Zote za 2007, megapikseli 7 na ushee, bei hazipishani sana. Nataka moja ya kutembea nayo, mkusanyiko utafuata. Nibebe ipi?

Fundi Lenzi: Canon, mkuu. Inakula betri mbili za AA, unazipata kwa Mangi hapo mtaani. Hizo nyingine zina betri zao maalumu, na muuzaji akikwambia chaja ameiacha nyumbani, ujue haipo. Halafu Canon inasoma kadi za SDHC, yaani SD za zaidi ya GB 2, na mwangaza unaupanga mwenyewe ukitaka.

Mama Picha: Betri za kwa Mangi labda za rimoti! Kamera itazima keki haijakatwa. Tafuta NiMH za kuchaji, la sivyo utailaumu bure.

Bwana Tanga: Mimi bado niko na Sony. Nyembamba, inaingia mfuko wa shati. Hiyo Canon ina kitumbo upande wa betri. Kikwazo ni kadi, inataka Memory Stick Duo, kadi ya Sony wenyewe. Ila zipo adapta za kuchomekea microSD.

Kijana wa Ilala: Na Olympus? Kwa sura imewazidi wote.

Fundi Lenzi: Sura tu. Inatumia kadi ya xD, ile ya Olympus na Fujifilm ya 2002, iliyoishia GB 2 na haitengenezwi tena. Kama kadi haimo ndani, hilo ni pambo la kabati.

Mama Picha: Kabla hujalipa, nenda na betri zako na kadi yako. Washa, zima, washa tena, huku sikio liko kwenye lenzi: ikisaga, kuna mchanga. Kwenye Canon kagua kile kijino cha plastiki cha mlango wa betri. Kikikatika watu hufunga kwa rababendi. Ikisahau tarehe usiikimbie, ni kibetri cha CR1220 tu.

Kijana wa Ilala: Nimetoka kwake. Kijino kizima, lenzi kimya. Ila alivyoniona na betri mkononi akapandisha bei.

Bwana Tanga: Mpe hiyo bei, lakini akuongezee Olympus.