Mnaudharau udiwani, halafu mnalalamika taka haziondoki!

Wakuu, leo nimekasirika kweli.

Kizimba cha taka cha soko letu kimefurika tena. Funza wanatambaa hadi kwenye turubai la mama anayeuza dagaa, na maji meusi yanapita katikati ya mafungu ya nyanya. Mkusanya ushuru yeye hakosi, asubuhi na mapema yupo na mashine yake, unalipa, anakupa risiti. Gari la taka ndilo halijulikani litakuja lini.

Nikaingia kwenye grupu la mtaa. Huyu anamtukana waziri, yule anamtukana mbunge. Nikauliza, diwani wetu ni nani? Kimya. Watu wazima, wasomi, baraza la mawaziri wanalijua lote, diwani wa kata yao hawamjui!

Jamani, taka, soko, zahanati na huo ushuru ni mambo ya halmashauri. Bajeti inapitishwa na baraza la madiwani, na vikao vyake ni vya wazi, una haki ya kwenda kukaa ukasikiliza. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayokopeshwa wanawake (4), vijana (4) na watu wenye ulemavu (2) inatoka hukohuko. Diwani wako asipofungua mdomo kule, kata yenu inaambulia patupu.

Najua mtakachosema: mkurugenzi wa halmashauri anateuliwa na Rais, diwani hana meno. Ni kweli, na linaniudhi sana. Lakini hayo meno yameng'olewa sisi tukiangalia. Halmashauri za wilaya zilifutwa 1972, za miji zikafuata. Miji ikachafuka, kipindupindu kikazuka, na 1978 ikabidi halmashauri za miji zirudishwe. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuja kukiri kwamba kuzifuta lilikuwa kosa. Pamoja na hayo, Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ikavunjwa 1996, jiji likaendeshwa na tume hadi 2000. Februari 2021 ikavunjwa tena, Ilala ikapandishwa hadhi kuwa jiji. Ni wangapi humu mlihoji? Lilipita kama tangazo la kukatika umeme.

Wanaoniumiza zaidi ni wenye uwezo. Hapa mtaani kuna mwalimu mstaafu, hesabu anazijua, anaheshimika. Tulimfuata achukue fomu. Akatujibu kwamba udiwani ni wa walioshindwa maisha, yeye akigombea ni ubunge. Wakati sheria inataka uwe na miaka 21, ujue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na uwe mwanachama wa chama. (Hilo la chama nalo ni kero, mgombea binafsi mpaka leo haruhusiwi, ila linastahili uzi wake.) Basi kwenye kura za maoni, chama kinapochagua mgombea wake, wanabaki walewale wenye hela za kugawa, na siku ya kupiga kura karatasi ya diwani inatiwa tiki kwa kufuata chama tu, maana akili zote ziko kwa Rais na mbunge.

Mliowahi kuwa madiwani, njooni mtuambie: mkihoji mapato ya soko barazani, mnajibiwa nini na wataalamu? Na wewe unayejiandaa kunitukana hapo chini, anza kwa kutaja jina la diwani wako na lini mara ya mwisho aliitisha mkutano. Bila kugugo.