Maiki ya valvu inaunguruma usiku tu, shida iko wapi?

Sauti ya Kijenge: Wakuu habari za jioni. Nimeunda maiki ya valvu (taa ya kioo ya kukuza sauti) aina ya EF86 ya kurekodia kwaya hapa Arusha, na pawasaplai nimejiundia: volti 120 DC za anodi (sehemu ya valvu inayopokea elektroni), na 6.3 DC za hita (waya wa kuipasha moto valvu) kupitia LM317 (regyuleta, chipu ya kutuliza volti). Mchana kimya kabisa. Ikifika saa moja usiku, mtaa ukiwasha majiko na pasi, inaunguruma mpaka saa nne. Nimebadilisha kebo, wapi! Naombeni ushauri.

Mzee wa Soda: Ongeza kapasita (kifaa cha kuhifadhi chaji) upande wa 120. Weka hata 220µF.

Waya Mwekundu: Kila ugonjwa dawa ni kapasita? Sikiliza kwanza. Mngurumo wa hezi 50 ni erthi (waya wa ardhini), au transfoma iko karibu mno na maiki. Hezi 100 ni DC isiyosafika baada ya daiodi. Programu ya simu itakuonyesha. Na transfoma ya hita ni ya ngapi?

Sauti ya Kijenge: Ni 100, mkuu. Transfoma 7.5 AC, briji ya daiodi za kawaida (nne za kugeuza AC kuwa DC), kapasita 2200µF.

Fundi wa Pasua: Nipo Moshi, jioni zetu ni hizo hizo. Piga hesabu: 7.5 mara 1.41 ni 10.6, daiodi zinakula 1.4, inabaki 9.2. EF86 inavuta ampea 0.2, basi mabonde ya wimbi (volti za chini kabisa kati ya mapigo) yanafika 8.3. LM317 inataka karibu volti 2 juu ya 6.3, kwa hiyo hata umeme ukiwa 230 unapita kwa tabu. Ukishuka hadi 200, mabonde yanafika kama 6.9, regyuleta inashindwa, mngurumo unapenya hadi kwenye hita. Jaribu hivi: toa hita kwenye pawasaplai, ilishe kwa betri ya volti 6 ya taa ya dharura, hasi kwenye graundi.

Sauti ya Kijenge: Nimepima sasa hivi: ukutani 201, kabla ya LM317 ni 7.4. Kwa betri, kimya!! Niweke daiodi za Schottky (zinazokula volti kidogo)?

Fundi wa Pasua: Zitakurudishia kama nusu volti tu, hazitoshi. Weka transfoma ya 9 AC na kipande cha alumini cha kupoza LM317.

Waya Mwekundu: Kabla hujafungua, chomoa ukutani, kisha pima kapasita za 120 mpaka zishuke. Kama hukuweka rezista ya kuzimwaga, funga 220k sambamba nazo. Na erthi ya boksi usiikate hata mtu akikwambia inapunguza kelele, muimbaji anaweka mdomo karibu na chuma cha maiki, ambacho kimeungana na boksi hilo.