Mrejesho: mchango wetu wa Sudan

Asalaam alaykum ndugu zangu. Niliuliza hapa jinsi sisi vijana wa Langoni, Lamu, tutakavyowasaidia watu wa Sudan walio vitani tangu Aprili 2023. Ahsanteni sana mliosema tutume pesa, si vitu. Tulimkabidhi Msudani mmoja wa Mombasa, akazipitisha kwa Bankak, programu ya simu ya Benki ya Khartoum ya kutumia pesa, hadi mojawapo ya takaya za Omdurman, mji ulio kando ya Khartoum, majiko ya mtaa ambayo wakazi wenyewe huwapikia majirani bure. Zimefika! Tumeletewa picha: sufuria kubwa ya ful (maharage ya kuchemshwa), watoto foleni na vibakuli vyao. Nililia wallahi.

Pesa za Darfur, magharibi mwa Sudan, bado hatujui kama zimefika. Intaneti kule hukatika na mpokeaji hajajibu. Nguo tulizokusanya nazo zimekosa msafirishaji, kwa hiyo tunaziuza, pesa ziende jikoni.