Tupeane uzoefu: kupanga kwenye vitongoji vya wenye nazo nje ya katikati ya London

Wakuu, kila mara mtu anauliza kama ahame katikati ya London aende Surbiton, St Albans, Sevenoaks au Guildford kwa sababu "kule kumetulia". Ni kweli kumetulia. Ila waliopanga huko watuambie mfuko unasemaje.

Naanza mimi, Surbiton. Reli ilifika hapa 1838 na mji ukakua kuifuata, na hadi leo kodi ya nyumba inapangwa na ukaribu wa stesheni. Treni ya haraka hadi Waterloo, stesheni ya katikati ya London, haimalizi dakika 20, kwa hiyo nyumba iliyo karibu na stesheni ina bei yake. Mimi nimepanga mbali kidogo, kodi ikashuka, na mvua yote ya asubuhi ni yangu.

Msafiri wa Alfajiri: St Albans hapa. Mkuu, usisahau nauli, ndiyo kodi ya pili. Tiketi ya mwaka bei yake ni sawa na tiketi 40 za wiki, kwa hiyo wiki 12 ni kama za bure. Hiyo inamfaa anayeenda ofisini kila siku. Mimi naenda siku mbili, nachukua ile ya flexi iliyoanza 2021: siku 8 za kusafiri ndani ya siku 28. Mwenzangu kazini ana ya mwaka na Jumatatu na Ijumaa anafanyia kazi nyumbani. Nikimgusia hesabu ananuna.

Mama Wawili: Kilichonipeleka Sevenoaks ni shule, sitaki kudanganya. Wazazi wengi wako hivyo, ndiyo maana nyumba za familia hazikai wazi. Sasa mlio njiani kuja, sikilizeni habari ya dalali. Wangu alitaka pesa ya "kukagua taarifa zangu". Nikamwambia Uingereza sheria imepiga marufuku ada hizo tangu Juni 2019. Akasema mfumo umekosea! Mfumo gani unakosea kwa faida yake tu? Pesa ya kushikilia nyumba isizidi kodi ya wiki moja. Amana isizidi wiki tano, kama kodi ya mwaka haifiki pauni 50,000. Na ndani ya siku 30 mwenye nyumba awe ameilinda amana kwenye mpango unaotambuliwa na serikali na kukupa taarifa zake kwa maandishi. Usipozipata, dai. Halafu siku ya kuingia piga picha kila kona, mpaka ndani ya oveni. Mimi nilipiga hadi doa la zulia chini ya kitanda, na siku ya kutoka doa hilo ndilo walilolitaja la kwanza.

Kapuku Mjini: Hamjataja kodi ya halmashauri (council tax), yaani ushuru wa nyumba unaokwenda halmashauri! Kwa kawaida analipa mpangaji. Nyumba zimewekwa madaraja A hadi H kwa thamani ya Aprili 1991, daraja likipanda na kodi hiyo inapanda, na mitaa hiyo mnayoitamani madaraja ya juu ni mengi. Ukiwa mtu mzima peke yako ndani, omba punguzo la asilimia 25. Usingoje wakukumbushe.

Mpangaji wa Guildford: Kwangu tabu ilikuwa nyasi. Mkataba unasema bustani ni juu yangu. Majirani hawakuniambia neno, nikashangaa mwenye nyumba ananipigia simu kwamba nyasi zimekuwa ndefu. Baadaye mzee wa nyumba ya pili akaja na mashine yake, akaniazima. Siku hizi tunasalimiana, na nadhani ndiye aliyepiga ile simu.

Mama Wawili: Ndiye 😂

Mimi tena, mwanzisha mada. Dada, hilo la picha za oveni nalichukua. Walioko upande wa Essex hatujawasikia bado. Na mwenye gari atueleze kibali cha kuegesha mtaani: mpangaji anaomba mwenyewe halmashauri, au lazima mwenye nyumba aandike barua?