Mchele, maharage na asali hapa Mbeya: lile duka la mazao ya asili au soko la SIDO?

MkaziWaForest

Wakuu, habari za majukumu. Naomba tulijadili hili bila ushabiki. Kuna lile duka hapa mjini linalouza mazao ya Nyanda za Juu Kusini peke yake: mchele wa Kyela, maharage ya kablanketi na njano, asali ya Chunya, kahawa ya Mbozi, ulezi, karanga, parachichi za Hass, jibini la Njombe. Jina sitaliweka, anayelijua analijua. Kuna watu hawaambiwi kitu kuhusu duka hilo, na kuna wanaosema ni wizi wa mchana kweupe. Mimi nanunua vya nyumbani vya mwezi mzima, na mara kwa mara natuma Dar kwa mama mkwe, kwa hiyo duka natumia na SIDO pale Mwanjelwa natumia.

Msimamo wangu: duka linastahili hela yake kwa vitu ambavyo huwezi kuvijua kwa jicho wala kwa mkono, yaani asali na unga. Mchele na maharage nanunua sokoni, kwa sababu sokoni nachota, nanusa, natafuna, na nisiporidhika nasogea meza ya pili bila kumkosea mtu adabu.

Nieleze ninavyopima mchele. Weka punje moja kwenye magego, ubane. Uliokaushwa vizuri unakatika kwa mlio. Wenye unyevu unabonyea kwanza ndipo unavunjika, huo utavunda ndani. Halafu sugua kidogo kiganjani, upulizie pumzi ya moto, unuse hapo hapo. Kyela ya msimu inajibu yenyewe, huhitaji kuambiwa. Mwisho tazama kiganja: ukiona unga mweupe mwingi na chenga, jua umekaa stoo au umekobolewa vibaya.

Dukani hayo yote hayawezekani. Mchele uko kwenye mfuko ulioshonwa, umeandikwa Kyela, basi. Umevunwa lini? Umekobolewa lini? Hakuna. Harufu ya mchele inapungua kadiri unavyokaa, na ukishakobolewa inapungua haraka zaidi. Niliwahi kulipa bei yao, nikaupika, ukatoka mweupe, mzuri, hauna jiwe hata moja, na haunukii kitu. Nilipowauliza walinijibu vizuri kwa heshima, lakini jibu la mwezi wa kukoboa hawakuwa nalo.

Ninyi mnaonaje? Nani ananunua wapi, na kwa nini?

Binti_Tukuyu

Ndaga dada kwa kuanzisha mada. Mimi niko upande wa duka na siombi radhi. Nina mtoto mdogo na kazi inayonitoa nyumbani alfajiri. Nikienda SIDO Jumamosi natumia saa nzima kwenye matope, nikirudi nachagua mawe kwenye mchele saa nyingine. Dukani naingia, napima kwa kilo, nalipa kwa simu, narudi. Mizani iko juu ya kaunta inanitazama. Sokoni ni sado, lile kopo la kupimia, na sado ina mambo yake. Umewahi kuigeuza ukaangalia kitako? Kuna nyingine kitako kimebonyezwa kwa ndani hadi unajiuliza ulichonunua ni kiasi gani. Bei ya sado ni rahisi kwa macho, ukiipeleka kwenye mizani nyumbani ndipo unajua bei yako halisi.

Kitu kinachonikera dukani ni parachichi. Hass wanaziweka kwa bei ya kusafirisha nje, wakati kule kwetu Rungwe tunaziona zilizokataliwa na wanunuzi kwa sababu ya alama ndogo tu kwenye ganda, ndani hazina kasoro. Hizo ukizipata barabarani nunua. Shika kikonyo: likiwa limechumwa bila kikonyo linaanza kuoza pale juu.

MzeeWaRujewa

Wanangu, nimelima mpunga Usangu, huku Mbarali, miaka mingi, hebu niseme la mchele. Mnaopigwa kwenye Kyela mnapigwa kokote, sokoni na dukani. Mchele wa Kyela ni wa eneo dogo na unatakiwa nchi nzima, wa Mbarali ni mwingi. Wapo wanaochanganya, tena kwa ustadi, wanaweka Kyela kiasi cha kutoa harufu ukifungua gunia. Ndiyo maana MkaziWaForest ana haki ya kuuliza.

Lakini msiudharau wa huku kwetu. Saro, aina ya mpunga tunayovuna Mbarali, punje zake zinakuwa ndefu, inajaa sufuria, haigandi, na kwa familia kubwa au shughuli ndiyo yenyewe. Harufu yake ni ya wastani, hilo nakubali. Kinachoniuma ni mchele wetu kuvalishwa jina la Kyela ili uuzwe ghali, wakati ungeuzwa kwa jina lake ungepata wateja wake kwa bei ya haki.

Mwenye uwezo afanye hivi: msimu ukifika, kuanzia mwezi wa sita hivi, nunua mpunga, si mchele. Weka gunia ndani, juu ya mbao, usiguse sakafu. Kila mwezi peleka mashineni debe moja ukakoboe. Utakula wali wenye harufu hadi mwisho wa mwaka. Duka halitakupa hilo.

Kamwene_Ilula

Kamweneee. Niko Iringa, ila huja Mbeya kikazi. Kwetu Ilula vitunguu na nyanya unanunua barabarani kwa mkulima mwenyewe, kwa hiyo kumwona mtu analipia kitunguu kilichofungwa kwenye wavu na lebo kunanishangaza. Mboga nunueni barabarani au sokoni asubuhi, hakuna cha kujadili.

Jibini na mtindi ni habari nyingine. Huku nyanda za juu tuna bahati, Njombe wanatengeneza jibini na Iringa kuna maziwa ya Asas, lakini vinataka baridi isiyokatika. Kinachonipeleka kwenye duka la aina hiyo ni jokofu lao. Umeme ukikatika wana jenereta.

LisheKwanza

Nafanya kazi ya lishe, kwa hiyo nitakaa kwenye karanga na unga, kwa sababu hapo watu wanaangalia bei tu.

Karanga na mahindi vilivyokauka vibaya au kunyeshewa vinaota ukungu, na ukungu huo unatoa sumukuvu. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Haina harufu ya kukuonya, na kuchemsha au kukaanga kwa kawaida hakuimalizi. Ukiambiwa "nitazikaanga vizuri, zitakuwa salama", usikubali.

Sasa unga wa lishe uliokwisha sagwa: humo ndani kuna karanga ambazo hukuziona. Zilikuwa nzima? Zilikuwa zimesinyaa, zimebadilika rangi? Huwezi kujua tena. Hapa natofautiana kidogo na aliyeanzisha mada. Amesema unga anunue dukani kwa sababu jicho haliwezi kuupima. Mimi nasema kwa kuwa jicho haliwezi, usinunue ukiwa umesagwa popote pale kama una nafasi. Nunua karanga nzima, zimwage kwenye ungo, toa zote zilizosinyaa, zenye madoa, zilizopasuka na zenye ukungu, ndipo usage mwenyewe kidogo kidogo. Sifa ninayowapa duka ni kwamba karanga zao zinafika zimechambuliwa vizuri. Nimezimwaga kwenye ungo na mbovu zilikuwa chache sana. Kwa karanga nzima, lipa hiyo tofauti ya bei.

Na asali, tafadhali, mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe, hata iwe safi namna gani.

BodaMafiati

Mimi nabeba mizigo ya wateja wa pande zote mbili. Wa duka hawalalamiki mzigo kupungua. Wa sokoni wanalalamika lakini wiki ijayo wanarudi kwa mama yule yule.

MkaziWaForest

LisheKwanza, hapo kwenye unga umenisogeza. Nitaanza kununua karanga nzima.

BodaMafiati, wanarudi kwa sababu yule mama anawajua. Mimi wa kwangu akiona naelekea kwenye gunia lisilo zuri ananiambia "hilo acha mwanangu, kesho nashusha jipya". Na akishapima anaongeza kiganja. Duka halina nyongeza, na muuzaji wa leo si wa mwezi ujao.

Mkulima_Vwawa

Niko Mbozi, na kikundi chetu kimewahi kupeleka maharage kwenye duka la aina hiyo, kwa hiyo naweza kuwaambia kinachoendelea nyuma ya kaunta.

Wanachagua kweli. Kablanketi waliitaka tupu, isiwe na punje ya njano hata moja, isiwe na tundu la mdudu, iwe imekauka. Gunia tulilopeleka walimwaga lote mezani wakachambua mbele yetu, zilizokataliwa wakatupa turudi nazo. Bei kwa kilo ilizidi ya mlanguzi anayekuja shambani na lumbesa, anayetaka gunia lijae hadi lifungwe kilemba halafu alipe kama gunia moja. Dukani kilo ni kilo. Kwa hilo tu mkulima anawapenda.

Ubaya ni malipo. Mlanguzi analipa taslimu hapo hapo, duka linasema subiri. Mkulima mwenye ada ya shule mlangoni hasubiri, anamuuzia mlanguzi. Ndiyo maana mara nyingine mnakuta kablanketi imeisha dukani wakati sokoni imejaa.

Na jambo mnalopaswa kuuliza kokote mnakonunua: maharage ni ya lini. Yakikaa muda mrefu kwenye joto na unyevu yanakuwa magumu, unayachemsha mchana kutwa na mkaa unaisha. Kuyajua si kazi ngumu. Mapya ganda lake linang'aa na rangi ni ya wazi. Ya zamani yanafifia, njano inaelekea kahawia. Kablanketi ikizeeka zambarau yake inakuwa ya moshi. Dukani mfuko una sehemu ya kuonea, peleka penye mwanga.

Binti_Tukuyu

Kaka wa Vwawa, asante, hili la malipo sikulijua. Kuna jambo moja linanikwaza. Asali niliyonunua dukani imeganda yote chini mwezi huu wa saba, imekuwa na chenga kama sukari. Shemeji ananiambia nimeuziwa sukari, nirudishe. Je, wana desturi ya kurudisha? Ya sokoni niliyonayo haijaganda hata kidogo.

MpishiWaNyuki

Usirudishe dada. Nafuga nyuki upande wa Chunya, ngoja nikueleze. Asali halisi ina sukari za aina mbili kubwa, na moja kati yake hupenda kujitenga na kuwa chenga ikipata baridi. Chunya kuna joto, hapa Mbeya mjini mwezi wa sita na wa saba ni baridi ya kuvaa koti ndani ya nyumba. Asali ile ile iliyokuwa maji kule inaganda kabatini kwako. Nyingine zinachelewa kuganda kutegemea maua nyuki walikolisha, kwa hiyo ya sokoni kutoganda hakuihukumu. Lakini kuganda kwa ya duka si ushahidi wa sukari.

Na zile njia za kuchoma kiberiti kilichochovywa asali, kudondosha kwenye karatasi, kuangalia kama sisimizi wanakuja, acheni. Asali safi yenye unyevu inaweza kushindwa, na ya kuchakachua inaweza kupita. Kinachosaidia ni kumjua aliyerina. Kwenye asali duka wanafanya kitu ninachokiheshimu, chupa inaandikwa ilikotoka na mwezi wa kurina. Wangefanya hivyo hivyo kwenye mchele, huu mjadala wa kwanza usingekuwepo.

MzeeWaRujewa

Hapo umenena. Waandike Usangu, waandike mwezi.

MkaziWaForest

Nitawapelekea hilo wiki hii nikienda kuchukua asali. Nitawaomba kwenye kila mfuko wa mchele waandike wilaya, mwezi wa kuvuna na tarehe ya kukoboa, na waweke sahani ya kuonjea pembeni ili mtu anuse. Wakikubali, mchele wa mama mkwe nitautoa kwao, kwa sababu kutuma Dar mchele uliokwisha chaguliwa mawe kunaniokoa jioni nzima. Mkulima_Vwawa, na la malipo ya wakulima nitawauliza pia, kama unaruhusu nilitaje bila kutaja kikundi.

Mkulima_Vwawa

Litaje dada. Waambie hata nusu taslimu siku ya kupokea mzigo inatosha, na kablanketi haitawaishia.

Binti_Tukuyu

Na mimi asali nafanyaje sasa, nile kwa kijiko kama chumvi?

MpishiWaNyuki

Unaweza, ni tamu hivyo hivyo kwenye mkate. Ukitaka irudi kuwa maji, chemsha maji, epua, yaache yapoe hadi uweze kuzamisha mkono bila kuungua. Tumbukiza chupa ikiwa imefunikwa, iache humo, ukibadilisha maji yakipoa. Usiiweke motoni moja kwa moja, moto mkali unaharibu harufu na rangi yake. Na ukimaliza usiiweke tena penye baridi, iweke kabati la jikoni upande wa jiko.