Kikundi: FAMILIA YA KADUTU 🙏

Yaya Furaha, 06:12
Muko aje familia. Juu ya komunyo ya Neema siku ya Yenga, jumapili, nimeshawaza, hakuna mutu ataenda ku soko. Tangu banki zimefunga hakuna mwenye iko na feza ya kuchezea hapa Bukavu. Kila nyumba ifungue kabati, iangalie nini iko ndani, iandike hapa. Mi naanza: maharagi kilo 3 ya zamani, unga ya muhogo nusu kafuko, samaki ndogo ya sambaza ya kukauka kopo moja, mawese kidogo chini ya bido

Yaya Furaha, 07:40
Munasoma munanyamaza. Naona

Dieumerci, 09:03
Kwangu kuko chumvi na njaa 😂

Alain, 09:04
Njaa acha ku nyumba, tuko nayo ya kutosha 😂😂

Yaya Furaha, 09:10
Sichezi. Maharagi ya zamani ni nguvu, inakula makala, munakumbuka Noeli sashe mbili za makala ziliisha na maharagi ingali mawe. Hii naloweka juma mosi jioni, asubui namwanga ile mayi, nachemusha na mayi mupya kwa moto mukali, sambaza na mawese vinaingia mwisho. Sombe, majani ya muhogo, nani iko nayo? Na ichemuke SANA, asiniletee ya haraka haraka

Mama Solange, 12:31
Sombe iko nyuma ya nyumba. Nitapikia mu nini? Sufuria kubwa ya mama ilienda ku ndoa ya Patient haikurudi

Patient, 12:50
Yaya Solange, iyo mambo tena? Nilirudisha. Na mufiniko

Mama Solange, 12:52
Mufiniko njo niko nayo, inafinika pipa ya mayi mpaka leo. Sufuria iko wapi?

Dieumerci, 12:53
Tupikie juu ya mufiniko 😂😂

Yaya Furaha, 12:55
Dieumerci!! Muchele nani?

Alain, 14:20
Yenga mechi ni saa ngapi

Papa Mukubwa, 19:48
Batoto. Patient aliirudisha kesho yake asubui. Mama yenu mwenyewe njo aliuzisha ile sufuria. Ilikuwa ya kulipa minervali, feza ya masomo ya Dieumerci, walikuwa wanamufukuza ku masomo. Alinikataza kusema. Mumuache Patient.

Mama Solange, 21:30
Ndiyo Papa Mukubwa

Dieumerci, 22:05
Niko na muchele kilo 2. Na makala kafuko moja, naleta mwenyewe juma mosi

Yaya Furaha, 22:06
Aksanti mudogo wangu. Sufuria sasa? Tuombe ya parokia ama tupikie mu mbili ndogo? Patient uko hapo?

*Ijumaa*

Mama Mudogo Espérance, 05:50
Bonjour batoto, naona leo tu, mega ya internet iliisha. Niko na mukungu ya ndizi, ingine imeanza kuiva. Komunyo ni ya nani?

Yaya Furaha, 05:52
Ya Neema, Mama Mudogo. Lete yote, ya kuiva tutakaanga, mbichi inaenda na maharagi. Solange, sufuria?