Haskell, OCaml na Erlang: kwa nini misimamo yao inatofautiana hivi?

Swali
Wakuu, naomba ufafanuzi. Lugha hizi 3 za programu zote huhesabiwa kuwa za kifunksheni, yaani programu hujengwa hasa kwa funksheni, lakini Haskell hairuhusu funksheni iandike kitu kwenye skrini kimyakimya, OCaml inaruhusu, na Erlang haikagui aina za data (kama hiki ni namba au maandishi) hadi programu inapoendeshwa. Je, ni tofauti za mtindo tu?

Jibu la 1
Sababu ipo, na kwa Haskell inaanzia kwenye uvivu. Kamati iliyoundwa mwaka 1987 ilitaka lugha isiyokokotoa kitu mpaka kihitajike. Ukiandika orodha ya namba kuanzia 1 bila kikomo, kisha ukaomba 5 za mwanzo, Haskell itakupa hizo 5 na kutulia, ilhali orodha ya kawaida ya OCaml ingejengwa yote kwanza, hadi kumbukumbu iishe. Sasa, mpangilio wa ukokotoaji ukishakuwa mgumu kutabirika namna hiyo, huwezi kuziacha funksheni zisome faili au kubadili thamani zipendavyo, kwa kuwa hutajua lipi litatangulia lipi. Ndiyo maana aina ya funksheni, yaani maelezo ya inachopokea na inachorudisha, hulazimika kutamka wazi kwamba ndani yake mna kazi inayogusa ulimwengu wa nje. Kwa maoni yangu, usafi huo, yaani funksheni kutogusa ulimwengu wa nje kimyakimya, ulikuwa deni la uvivu kabla haujawa sifa.

Jibu la 2
Nakubali, ila OCaml isionekane kuwa Haskell iliyolegea. Inatoka katika ukoo wa ML, lugha ambayo mwanasayansi wa kompyuta Robin Milner na wenzake waliibuni Edinburgh miaka ya 1970 ili kuandikia mbinu za kuthibitisha hoja za kimantiki kwa kompyuta. Walichotaka ni aina za data zizuie uthibitisho wa uongo, si kwamba thamani isibadilike kamwe.

Jibu la 3
Erlang ilizaliwa katika kampuni ya simu ya Ericsson miaka ya 1980, kwa ajili ya mitambo ya simu isiyopaswa kuzimika. Kila mchakato (sehemu ya programu inayojiendesha yenyewe) una kumbukumbu yake, huwasiliana na mingine kwa ujumbe, na ukipata hitilafu huachwa ufe, kisha msimamizi wake, ambaye ni mchakato mwingine, huuanzisha upya. Haskell hujaribu kuzuia kosa mapema. Erlang huchukulia kwamba litatokea tu.

Muuliza swali
Je, nikitaka ukaguzi wa aina ndani ya Erlang?

Jibu la 3
Tumia zana iitwayo Dialyzer. Huchambua programu bila kuiendesha, na hulalamika pale tu inapoona mgongano usio na shaka; penye shaka hukuacha upite.